Kujirudia kwa Umbo na Kujirudia kwa Mchakato: Kutoka Programu hadi Sentensi ya Kiswahili

Katika *Structure and Interpretation of Computer Programs* (1985), Harold Abelson na Gerald Jay Sussman, wakishirikiana na Julie Sussman, wanatenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa: utaratibu unaojiita wenyewe katika fasili yake, na mchakato unaozaliwa utaratibu huo unapotekelezwa. Zao la namba 1 hadi 4 laweza kutafutwa kwa kuahirisha: 4 mara zao la 1 hadi 3, nalo ni 3 mara zao la 1 hadi 2, kila kuzidisha kukisubiri jibu la ndani. Laweza pia kutafutwa kwa kubeba jibu la muda: 1, 2, 6, 24. Katika lugha ya Scheme taratibu zote mbili zaweza kuandikwa zikijiita zenyewe, ila wa pili hauachi kiporo nyuma. Kimchakato ni mrudio tu. Waandishi wanaliacha neno moja libebe maana zote mbili, na wanakiri kwamba jambo hilo laweza kutatiza.

Istilahi “ujirudiaji” haiuponyi udhaifu huo, kwani huweza kutajia uradidi wa *pigapiga* sawasawa na kishazi kilichomo ndani ya kishazi. Hata kishazi ndani ya kishazi si cha namna moja. Katika *Kitabu ambacho mwanafunzi ambaye mwalimu alimsifu alikinunua kimepotea*, nomino tatu hutangulia, na vitenzi vya mbili za kwanza hungoja. Msikilizaji hushikilia viporo viwili, akisaidiwa na viambishi vya upatanisho kujua kipi ni cha nani. Linganisha na *Kimepotea kitabu alichokinunua mwanafunzi aliyesifiwa na mwalimu*. Vishazi rejeshi ni vilevile viwili, kimoja ndani ya kingine, lakini kila kitenzi hutamkwa mapema na hakuna kinachongoja.

Uchanganuzi unaohesabu kina cha upachikaji pekee utazitia sentensi hizi katika kapu moja. Hapo ndipo utenganisho wa Abelson na Sussman unapowafaa wanaisimu kuliko mfano wao wa hesabu: mwanaprogramu hulazimika kuuandika upya utaratibu wake, ilhali Kiswahili kina kirejeshi *-o-* kinachokaa ndani ya kitenzi na kukivuta mbele ya kiima. Unafuu huo una gharama. Kauli ya kutendwa imeingizwa kwa lazima, kwa kuwa *mwanafunzi aliyemsifu mwalimu* ingeacha utata kuhusu nani alimsifu nani.