Tao Lenye Ncha Hupimwa Kuanzia Chini

Ncha ndiyo inayovuta jicho, lakini ubora wa tao la kanisa la zama za kati hauanzii huko juu. Tazama kwanza linapotokea kwenye nguzo. Tao lililochorwa vizuri kwa bikari hupanda wima, kisha huanza kuinama taratibu bila mstari kuvunjika. Ukiona kona hapo, bikari ilisimikwa mahali pasipofaa, na hakuna nakshi itakayoliokoa.

Kisha fuata viungo kati ya jiwe na jiwe. Tao hili ni vipande viwili vya duara, kila kimoja na kitovu chake. Viungo vya kushoto vielekee vyote kitovu kimoja, vya kulia kingine. Chokaa iwe nyembamba, yenye unene uleule kutoka ndani hadi nje. Ikinenepa upande mmoja kama kabari, jua jiwe halikuchongwa sawasawa. Usishangae kukosa jiwe moja la kufungia kileleni. Mara nyingi mawe mawili hukutana tu kwa kiungo cha wima.

Nusu duara hufungwa na upana wake: kimo ni nusu ya upana, basi. Tao lenye ncha fundi hulinyanyua au kulishusha atakavyo, hata matao mapana na membamba yakafika kimo kimoja na kubeba dari moja. Tena halizisukumi nguzo kwa nje kwa nguvu nyingi. Katika kanisa kuu la Durham, Uingereza, dari la mawe la ukumbi mkuu lilikamilika mwaka 1133. Mbavu zake za mshazari bado ni nusu duara, ilhali matao yanayokatiza ukumbi yana ncha. Nalipenda sana kwa sababu hiyo: ncha imewekwa pale tu ilipohitajika.

Beauvais, Ufaransa, ni kinyume. Sehemu ya dari lake la mita 48 iliporomoka mwaka 1284, nguzo zikaongezwa katikati ya zile za awali, na matao yaliyokuwa mapana yakabanana, ncha zikawa kali. Wapo wanaousifu ukali huo. Mimi naona umetokana na hofu, si na uchaguzi wa fundi.

Wells, Uingereza, nao walikuwa na hofu, maana mnara ulikuwa ukizama. Kati ya 1338 na 1348 wakajenga tao la kichwa chini juu ya tao la kawaida, ncha kwa ncha. Wengi hulilaumu kwa kuziba ukumbi. Lifuate kwa jicho kutoka mnarani hadi sakafuni, uone jinsi mstari wa uzito unavyoshuka bila kukatika popote.