Bendi ya Rochester na Viongozi Wake

Bendi tuliyoizoea wengi wetu ni bendi ipitayo. Huja siku ya Madaraka au ya Jamhuri, ngoma kubwa ikifika masikioni kabla matarumbeta hayajafika machoni. Nasi husimama kando ya njia tukatazama hatua za askari, vifungo vyao ving'aavyo na mikono yao ipandayo na kushuka pamoja. Ikishakata kona, imekwisha. Watu wa pwani wana kumbukumbu kongwe zaidi, maana beni iliyochezwa Lamu na Mombasa tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilishindanisha vyama vya vijana kwa tarumbeta, kwa mavazi na kwa gwaride. Basi mtu akituambia kwamba iko bendi isiyokwenda popote, ambayo wapigaji wake huketi vitini na kutaka wasikilizwe kwa utulivu kama asikilizwavyo msomaji wa utenzi, tuna haki ya kumwuliza bendi hiyo husikilizwa kwa lipi.

Jibu langu nalichukua katika santuri moja. Ilinaswa mwaka 1955 mjini Rochester, katika jimbo la New York huko Marekani, na wapigaji wake walikuwa wanafunzi wa Eastman School of Music, shule ya muziki iliyo sehemu ya University of Rochester. Bendi hiyo inaitwa Eastman Wind Ensemble, na aliyeiongoza siku hizo ni Frederick Fennell, ambaye ndiye aliyeiunda. Miongoni mwa nyimbo zilizomo ni mfululizo wa kwanza wa Gustav Holst kwa bendi ya kijeshi, ulioandikwa mwaka 1909. Holst alikuwa Mwingereza, mpiga tromboni katika ujana wake, kisha mwalimu wa muziki wa shule ya wasichana mjini London. Katika zama ambazo bendi aghalabu zilipewa makombo ya okestra, yaani nyimbo zilizotungwa kwa fidla zikageuzwa zipigwe kwa tarumbeta, yeye aliitungia bendi chakula chake yenyewe.

Yafaa kwanza tujue Fennell alikuwa akipingana na nini. Vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa na bendi kubwa mno, za watu themanini, tisini au mia. Nyingi zililelewa katika viwanja vya mpira, mahali ambapo sauti hutawanyika hewani na lazima iongezwe ili isipotee. Sehemu moja ya klarineti iliweza kupewa watu sita au zaidi. Mwanafunzi aliyekosea nota yake alifichwa na jirani zake. Na aliyepatia alifichwa vilevile. Fennell mwenyewe alizaliwa katika mji wa Cleveland mwaka 1914, akasoma Rochester, na chombo chake kilikuwa ngoma. Hakuwa basi adui wa kishindo. Lakini alipolazwa hospitali kwa maradhi ya ini kwa majuma kadhaa, kitandani aliwaza juu ya bendi ya namna nyingine, ya watu wapatao 45, ambamo karibu kila mmoja angekuwa na sehemu yake peke yake, wala si wote wangepiga kila wimbo. Mwaka 1952 mazoezi yakaanza. Mwaka huohuo akawaandikia barua watungaji wapatao 400 wa nchi mbalimbali kuwaeleza kwamba chombo kipya kimezaliwa, nao wakitunge watakavyo. Watatu wa kwanza kumjibu walikuwa Percy Grainger, Vincent Persichetti na Ralph Vaughan Williams. Si majibu haba hayo kwa bendi ya wanafunzi!

Sasa turudi kwenye santuri. Wimbo wa kwanza wa mfululizo wa Holst unaitwa Chaconne, nao umejengwa juu ya lahani moja fupi ya hatua nane, inayorudiwa tena na tena huku yaliyo juu yake na chini yake yakibadilika. Huanza kwa vyombo vinene, tuba na yufoniamu, polepole, bila ya msaada wa ngoma. Kijana mmoja aliyeisikiliza pamoja nami aliniuliza hapo, "Mwalimu, mbona wengine hawapigi?" Swali lake lilikuwa jema kuliko alivyodhani. Katika bendi ya watu mia, mwanzo huu husikika kama gari kubwa linalojaribu kuondoka. Katika bendi ya Fennell twasikia watu: huyu anavuta pumzi, huyu anashika nota ya mwisho kwa uangalifu ili amkabidhi mwenziwe. Kisha vyombo vya shaba huipokea lahani, halafu vya mbao, na kila makabidhiano ni wazi kama mtu anayempa mwingine kikombe kilichojaa.

Wengi husifu mwisho wa Chaconne, pale ambapo bendi nzima hupanda mlima na kuufikia. Mimi namhukumu kiongozi katikati ya wimbo. Huko Holst ananyamazisha takriban kila mtu. Lahani inakwenda kwa chombo kimoja, kisha kingine, mara imepinduliwa juu chini, mara imevaa huzuni, na mpigaji aliyeachwa peke yake hana mahali pa kujificha. Wanafunzi wa Rochester hawatetemeki. Zaidi ya hayo, hawajionyeshi. Na kwa kijana aliyepewa nafasi ya kusikika peke yake, hilo la pili ni gumu zaidi. Nadhani hapa ndipo kazi ya Fennell ilipo. Kijiti cha kiongozi hakitoi sauti yoyote. Kinachosikika ni mazoezi ya nyuma, na imani iliyojengwa humo kwamba kila mmoja atalijibia neno lake.

Liko jambo la ufundi linalozidisha sifa hii. Santuri za kampuni ya Mercury za miaka hiyo zilinaswa kwa kipaza sauti kimoja tu kilichotundikwa mbele ya wapigaji. Hapakuwa na fundi wa kuja baadaye akampandisha mwenye zumari na kumshusha mwenye tromboni. Uwiano tunaousikia uliwekwa pale pale ukumbini kwa masikio ya wapigaji na mkono wa kiongozi. Ndiyo sababu kosa likiwapo halina dawa. Na yako machache. Katika ule mwendo wa tatu, uitwao March, vyombo vya mbao vinaimba lahani pana ya sauti za chini baada ya shaba kunguruma. Hapo nilitamani joto zaidi kuliko ninalopewa. Uwazi una bei yake: klarineti chache haziwezi kulala juu ya lahani kama kundi kubwa liwezavyo, na kwa kitambo kidogo tunasikia mifupa ya wimbo kuliko nyama yake.

Kwa ajili ya kasoro hiyo, haki yadai tumtaje mtu wa upande wa pili. William Revelli aliziongoza bendi za University of Michigan tangu mwaka 1935 hata mwaka 1971. Alitoka katika shule ya sekondari ya mji mdogo wa Hobart, jimbo la Indiana, ambako aliifanya bendi ya watoto kuwa mabingwa wa taifa. Bendi yake ya chuo kikuu ilikuwa kubwa, na sauti yake ilikuwa nzito na laini pamoja, kama ya kinanda cha kanisani. Mwaka 1961 serikali ya Marekani iliituma katika Urusi ya Kisovieti na Mashariki ya Kati kwa safari ya miezi mingi, na vijana hao wakapiga mbele ya watu ambao serikali zao hazikusikilizana kwa lolote. Basi je, katika bendi ya Revelli wanafunzi walijificha? La. Alikuwa mkali sana. Alisimamisha mazoezi, akamwinua mmoja, akamwamuru apige sehemu yake peke yake mbele ya wote, na ole wake asiyejiandaa. Wanafunzi wake waliosimulia habari zake baadaye walikiri hofu na shukrani kwa pumzi moja.

Hivyo viongozi hawa wawili walitaka jambo moja. Kila mpigaji aijue nota yake kama ajuavyo jina lake. Lakini Revelli aliweka wajibu huo katika jicho lake mwenyewe, na Fennell aliuweka katika muundo wa bendi. Ukiondoa jicho la Revelli, kundi kubwa laweza kurudi katika maficho yake. Ukimwondoa Fennell, kiti cha mwenye zumari bado ni kimoja, na asipopiga yeye, hapana zumari. Sikusudii kumvunjia heshima mtu aliyefundisha maelfu. Nasema tu kwamba ukali ni mali ya mwenye nao, naye huondoka nao.

Jambo hili lilipimwa kwa vitendo. Fennell aliondoka Rochester mwaka 1962. Baada ya muda mfupi wa Clyde Roller, kijiti kilishikwa mwaka 1965 na Donald Hunsberger, ambaye zamani alikuwa mpiga tromboni katika bendi ileile, akiketi mbele ya Fennell. Aliiongoza kwa zaidi ya miaka 35. Chini yake ilitoka mwaka 1987 santuri ya Carnaval, ambamo Wynton Marsalis anapiga koneti na wanafunzi wanamsindikiza. Kumsindikiza bingwa wa mbio za namna ile ni kazi isiyo na shukrani: ukichelewa umemwangusha, ukiwahi umemkanyaga. Bendi haifanyi lolote kati ya hayo mawili. Kwa ladha yangu nyimbo zenyewe ni peremende nyingi mno kwa kikao kimoja, lakini hilo si kosa la wapigaji.

Imebaki santuri moja ya kulinganisha, nayo ndiyo inayonitia mashaka kuliko zote. Mwaka 1978 Fennell alirudi katika mji wake wa Cleveland akaupiga tena mfululizo uleule wa Holst, safari hii kwa wapigaji mahiri wa okestra ya huko, wala si wanafunzi. Ilikuwa miongoni mwa santuri za kwanza za Marekani kunaswa kwa njia ya tarakimu. Upigaji wake hauna doa. Joto nililolikosa mwaka 1955 limo tele. Hata hivyo, ukimwuliza mwenye kuipenda santuri hiyo anaipendea nini, aghalabu atakutajia ngoma kubwa. Wauzaji wa vyombo vya muziki waliitumia kuwaonyesha wanunuzi nguvu za vipaza sauti vyao, hata dirisha likatikisika! Fennell alikuwa mpiga ngoma, na labda alicheka. Mimi sikucheka. Alipita miaka 26 akitufundisha kumsikiliza mtu mmoja mwenye klarineti, nasi tukarudi kando ya njia kungojea kishindo.

Jioni ile niliitoa, nikaiweka tena ile ya 1955. Sauti yake ni kavu, na penye utulivu husikika mkwaruzo wa sindano. Tuba ikaanza peke yake na yufoniamu. Yule kijana hakuuliza tena mbona wengine hawapigi. Aliinamisha kichwa, akaanza kuhesabu kwa vidole mara ambazo lahani inarudi, akapotea mahali pale inapopinduliwa, akaomba turudie mwanzo.