Miguu ya Kipa

Katika kiwanja cha mchanga cha Kisumu Ndogo, Malindi, kochi wa makipa haanzi na mpira. Huanza na kisigino. Hukiburura toka katikati ya goli kuelekea alama ya penalti, meta 11, kisha humsimamisha kijana juu ya mstari huo na kumwambia atembee nguzo hadi nguzo bila kutazama nyuma. Meta 7.32 hizo lazima ziingie miguuni, ili mshambuliaji akisogea, kipa naye asogee kiasi kinachofaa na kuziba njia. Watu hushangilia kipa akiruka. Mimi huvutiwa zaidi na hatua ile ndogo iliyomwondolea haja ya kuruka.

Kisha kusimama. Miguu upana wa mabega, magoti yamelegezwa, uzito uko mbele, visigino vimeinuka kidogo tu. Mikono iko mbele ya mwili, viganja wazi. Mpigaji anapokita mguu kando ya mpira, kipa hujirusha kidogo mno, karibu usione, akatua kwa miguu yote miwili mpira unapoguswa. Akichelewa kutua hana pa kujisukumia, hata awe mrefu namna gani.

Mpira wa juu hudakwa mbele ya uso, vidole gumba vikikaribiana nyuma yake, kisha huvutwa kifuani na kufunikwa. Wa chini una hila, maana mchanga huudundisha utakako; goti moja hushushwa nyuma ya viganja, ukipenya mikono ukutane na mguu. Kuanguka nako kuna mpango: paja, nyonga, bega. Kiwiko hakitangulii.

Penalti huachwa mwisho, na hapo kochi humtaja Mahmoud Abbas, mwana wa Mombasa aliyedakia AFC Leopards na Harambee Stars. Fainali ya CECAFA ya 1982 ilichezwa Kampala, Waganda wakiwa kwao. Sare ya 1-1, kisha Kenya ikashinda kwa penalti 5-3, kati ya mataji yake matatu mfululizo ya 1981 hadi 1983. Abbas aliitwa Kenya One. Sifa hiyo ni kubwa kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kuzuia jambo lisitokee.

Mbali huko, Dominik Hašek wa Jamhuri ya Cheki alipata umaarufu wa aina hiyo katika hoki ya barafuni. Kule Nagano, Japani, mwaka 1998, Wakanada watano walimjia mmoja mmoja katika nusu fainali, asifunge hata mmoja. Wacheki walitwaa dhahabu, na umati Praha ukaimba kwamba apelekwe kwenye Kasri, makao ya rais. Alijilaza barafuni ovyoovyo, ungedhani. Lakini alikuwa amemngoja mpigaji aamue kwanza.

Kungoja huko ndiko kugumu kufundisha. Kochi humwonyesha kijana nyonga ya mpigaji na mguu aliokita, humzuia kuondoka mapema, na hurudia bila kupandisha sauti. Mpira unapigwa kushoto, kijana anaupangua, wenzake wanapiga kelele.

"Umeokoa, mwanangu," kochi anamwambia, "lakini mguu wa kulia ulitangulia. Rudi mstarini."