Mstari wa Bajeti na Posho ya Lubumbashi

Vitabu vya utangulizi wa uchumi humweleza mlaji kwa mambo matatu: pato lake, bei za bidhaa, na mstari wa bajeti unaotenga anachoweza kununua na kilicho nje ya uwezo wake. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yana upungufu: huchukulia kuwa pato lote ni fedha. Historia ya Lubumbashi inaudhihirisha upungufu huo.

Chini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, mfanyakazi wa migodi alipata mshahara pamoja na posho ya chakula. Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mlaji ana faranga 100. Unga ni faranga 5 kwa kilo, kitambaa faranga 10 kwa mita. Aweza kununua kilo 20 za unga, au mita 10 za kitambaa, au mchanganyiko wowote baina ya ncha hizo. Mwenzake hupewa faranga 60 na kilo 8 za unga. Kwa hesabu ya bei, mapato yao ni sawa. Hata hivyo, iwapo posho haiuziki, huyu wa pili hawezi kuvuka mita 6 za kitambaa. Akiiuza yote kwa faranga 3 kwa kilo, atafikia mita 8.4 tu. Mstari wake una kiwiko penye kilo 8.

Mhakiki aweza kuhitimisha kwamba posho ilikuwa pingu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Unga ukipanda hadi faranga 10, mwenye fedha tupu akishanunua kilo 8 husaliwa na mita 2 za kitambaa. Mwenye posho hubaki na mita zake 6. Kitambaa kikipanda maradufu badala ya unga, kila mmoja, akiwa na kilo 8, hupata mita 3. Posho ilikinga tumbo, haikukinga mgongo.

Ndiyo maana si ajabu kwamba watu waliopewa chakula waligoma Desemba 1941 wakidai nyongeza ya mshahara, na baadhi yao wakauawa kwa risasi katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi. Wala si ajabu kwamba kudidimia kwa Gécamines katika miaka ya 1990 kuliziumiza familia mara mbili: mshahara ulikosekana, na kinga ya unga nayo ikatoweka.

Lugha yenyewe ni shahidi. Uganda, posho ni ugali. Tanzania, posho ya kikao ni fedha. Neno limegawanyika mlemle mlimo na kiwiko cha mstari.

Kwa hiyo *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, matini ya Kiswahili iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, yastahili kusomwa kando ya kitabu cha uchumi. Kitabu humtazama mtu kama mlaji anayechagua. Matini hiyo, iliyotoka kwa watumishi wa nyumbani, humtazama kama mwajiriwa. Mwanafunzi asiyejua nani aliupanga mstari ameuchora tu, hajauelewa.