Kibuyu cha Ukutani

Chakula hushibisha tumbo, lakini kina kazi nyingine isiyoonekana upesi: humkumbusha mlaji alikotoka. Kwa hiyo nyumba ya chakula inayojisifu kuwa inauza mapishi ya ukoo hujitwika mzigo mzito kuliko mgahawa wa chai na maandazi. Mlaji huidai shibe, na huidai ukweli pia. Na tuipime kwa mizani hiyo nyumba moja ya mji wa Isiolo, ambayo sitaitaja jina.

Isiolo ni mlango wa kaskazini mwa Kenya. Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru hukutana sokoni mwake. Baadhi ya Wasomali wa hapo ni wazao wa askari waliotumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakafanya makao yao hapo. Mji wa namna hii hauna haja ya kuazima mapishi.

Sifa za nyumba hii si haba. Wali wake hupikwa katika supu ya mbuzi, ukaungwa kwa iliki, bizari na mdalasini, na kando yake huwekwa ndizi mbivu. Mgeni hucheka kuona wali na ndizi katika sahani moja. Akionja huacha kucheka. Lakini fahari yake kubwa ni nyirinyiri. Nyama hukatwa vipande virefu vyembamba, huanikwa, hukatwa tena vidogo vidogo, hukaangwa, kisha huhifadhiwa ndani ya samli, ikakaa miezi mingi bila kuoza. Kitoweo hiki hakikubuniwa kwa anasa. Kilibuniwa na wafugaji wajuao kuwa mnyama wa leo huenda asiwepo kesho. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, mifugo mingi ilikufa kaskazini, na hekima ya wazee hao ikaonekana upya. Mpishi anayeiandaa nyirinyiri kwa subira anaufundisha mji historia yake.

Lakini tuinue macho. Ukutani mmetundikwa vibuyu vya maziwa, vimepangwa kwa uzuri kama picha. Nikaagiza maziwa; nikaletewa ya pakiti. Hapa ndipo ninapoilaumu nyumba hii. Isiolo ni mji wa maziwa ya ngamia. Wanawake wa ushirika wa Anolei wamejipatia sifa kwa kuyakusanya kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka hata Nairobi. Kwa desturi, chombo cha maziwa hufukizwa kwa moshi wa kuni teule, ili maziwa yasiharibike upesi na yapate harufu yake njema. Harufu hiyo ndiyo iliyokosekana mezani, hali chombo chake kinaning'inia juu ya vichwa vya walaji.

Yawezekana mwenye nyumba ataleta udhuru kwamba wageni wa mbali hawajazoea ladha ya moshi. Udhuru huu ni dhaifu. Yotam Ottolenghi wa Israeli na Sami Tamimi wa Palestina, wote wawili wazaliwa wa Yerusalemu, walifanya kazi ya upishi pamoja London, na mwaka 2012 wakatoa kitabu cha mapishi ya mji wao. Hawakuondoa ukali wa ndimu wala uchungu kidogo wa ufuta uliosagwa ili kumbembeleza mgeni. Walimzoeza mgeni kuupenda. Ikiwa ladha za Shamu zilipokewa London, kwa nini maziwa ya Isiolo yaone haya Isiolo?

Hasara yake si ya ulimi tu. Mwanamke aliyeamka alfajiri kuyatafuta maziwa hunyimwa mnunuzi katika mji wake mwenyewe. Na kijana anayekula hapo atajua umbo la kibuyu asijue kazi yake. Urithi unaotazamwa bila kutumiwa huwa pambo, na pambo likichakaa hutupwa.

Basi hukumu yangu ni hii: nendeni mkale wali na nyirinyiri, nanyi hamtajuta. Lakini mkishakula, mwulizeni mwenye nyumba, kwa adabu, lini atavishusha vibuyu vile, avifukize na kuvijaza.