Sanaa ya Hadhara katika Makazi Mapya ya Mbeya na Iringa

Neno hadhara, lililotujia kutoka Kiarabu, lina asili katika maana ya kuwapo. Mahali pa hadhara ni mahali ambapo watu wapo na waonana. Maana hiyo yafaa ikumbukwe kila itajwapo sanaa ya hadhara, maana aghalabu jina hilo hupewa sanamu yoyote iliyosimama nje ya nyumba. Sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, yaonwa na maelfu ya wapitao, lakini imezungukwa na magari, wala si mahali pa kukaa na kuzungumza. Swali langu ni dogo zaidi: mtaa mpya unapopimwa katika Nyanda za Juu Kusini, ni kitu gani kiwekwacho humo kiwe cha wote?

Wako wasemao kwamba kutaka kitu cha namna hiyo ni kuiga Ulaya. Wasemao hivyo hawakutazama Rungwe. Wanyakyusa walikuwa na utaratibu wao wa kuanzisha makazi mapya, nao umeelezwa kwa urefu na Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930, katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Wavulana wa umri wa miaka 10 au 11 walitoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao mahali pamoja. Walikula kwa mama zao, wakalala kwao. Kadiri walivyokua vibanda vikawa nyumba, wakaoa, na kijiji kikawa kijiji cha rika moja. Nyumba zenyewe zilisifiwa na wageni tangu zamani; Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1879, alistaajabia usafi wake na ustadi wa wajenzi wa mianzi na udongo.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi si kuta. Ulipofika wakati wa wazee kuwaachia vijana utawala, katika sherehe iitwayo ubusoka, yaani kutoka, miti ilipandwa iwe alama ya utawala mpya na vijiji vyake. Msomaji atasema kwamba mti si sanaa. Nakubali kwamba hapana mkono uliouchonga. Walakini ulichaguliwa, ukawekwa mahali maalumu mbele ya watu, ukabebeshwa maana ambayo kila mkazi aliijua. Na ulikuwapo tangu mwanzo, si baada ya nyumba kwisha na fedha kubaki. Nyumba ilikuwa ya mtu, mti ulikuwa wa watu. Sanamu nyingi za njia panda zetu hazikufika hapo.

Iringa yatoa mfano wa namna nyingine. Jiwe kubwa la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linenalo, liko juu ya mji, na yasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akikaa hapo kutafakari. Mji wa sasa ulianzishwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, baada ya kuivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894. Nyumba zikaja chini ya jiwe, na mtaa ukachukua jina lake. Hapana fundi aliyelipwa wala kamati iliyokaa, ila mtaa ulipata kitu cha wote, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kulisemea jiwe kabla ya kulijengea. Huko Igeleke, karibu na Kihesa, iko sanaa hasa: watu na wanyama waliochorwa mwambani kwa rangi nyekundu na mikono ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda michoro ya namna hiyo. Lakini sheria hulinda mwamba usikwaruzwe, haiwezi kumfanya jirani auone kuwa ni wake.

Sasa tutazame viwanja vipya, pande za Uyole mjini Mbeya au Mtwivila mjini Iringa. Mapambo yapo, tena si haba: simba wa saruji juu ya nguzo za geti, tai aliyekunjua mabawa, maua ya chuma yaliyochomelewa na fundi hodari. Wapo wanaoyacheka mapambo hayo, mimi siyacheki. Mlango wa nakshi wa Zanzibar na Lamu nao ulikuwa majivuno ya mwenye nyumba yaliyoelekezwa njiani. Tofauti yake ni kwamba kando ya mlango ule palikuwa na baraza, na mpita njia aliweza kuketi akautazama. Simba wa Uyole humtazama mpita njia, naye hana pa kuketi.

Kosa si la fundi, bali liko katika ramani. Mchoro wa mipango miji huacha vipande vya ardhi na kuviandika eneo la wazi. Jina hilo si jina. Lasema tu kwamba hapana kitu, na mahali pasipo na kitu humegwa upesi. Wapimaji wangeweza kuwauliza wenyeji, kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa, mahali pale paitwaje kwa Kisafwa au kwa Kihehe, kuna jiwe gani, mti gani, kisima gani, wakaliandika jina hilo katika ramani. Fundi wa simba aitwe baadaye.