Lita kwa kilomita mia, lakini ulibeba nini?

Bandugu na badada, munivumilie leo. Niko na lisansi ya agronomi, na nakuja kuwaandikia juu ya mchezo wa makamyo. Wanaonijua wanajua sababu. Ni miezi sasa, kila Jumamosi mangaribi tunakutana vijana watano kwa rafiki mmoja hapa Lubumbashi, kama umeme uko, na tunashindana kwa Euro Truck Simulator 2. Hatushindani mbio. Tunashindana kamyo ya nani itakunywa mazuti kidogo. Wa mwisho njo ananunua soda na mikate ya watu wote.

Nataka kuuchambua ule mchezo kama vile hapa tunachambua kitabu: wapi unafundisha, wapi unadanganya. Udanganyifu wake ulinifanya nimukosee mtu mzima aliye sawa na baba yangu, na hiyo nitaifikia.

Kwa wasioujua: ulitengenezwa na SCS Software ya Prague, kule Ucheki, ukatoka mwezi wa kumi 2012. Unachukua kamyo, unafunga remorki, unapeleka mzigo toka mji mmoja wa Ulaya mpaka mwingine. Hakuna wa kupiga risasi, hakuna wa kukimbiza. Unaendesha, unalala, unaweka mazuti, unalipa faini kama umepita taa nyekundu. Siku ya kwanza nilisema huu ni mchezo wa watu wasio na kazi. Nilipoangalia saa, ilikuwa saa saba ya usiku. Kwenye dashibodi kuko kompyuta ndogo inayoonyesha wastani wa lita kwa kilomita mia, na ile namba njo inashika mtu. Unaiona 34,2. Unatoa mguu kidogo, inakuwa 34,1. Basi, umekwisha kufungwa.

Mshindi wetu wa kila mara ni kijana mmoja anayesoma mambo ya umeme. Anaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Siku moja nilikataa kucheza, nikakaa nyuma yake na kumuangalia tu. Hapiti 80. Upepo unaogonga uso wa kamyo unaongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 90, mwendo umeongezeka sehemu moja ya nane tu, lakini nguvu ya upepo imeongezeka karibu asilimia 27. Anapandisha vitesi mapema, anaacha motere ingurume chini chini kwenye mizunguko elfu moja na kitu kwa dakika, pale motere ya mazuti iko na nguvu yake ya kuvuta. Halafu kuna jambo ambalo mimi naliita sanaa yenyewe: karibu hatumii freni. Kila mara unapokanyaga freni unatupa mazuti uliyokwisha kulipa, yanageuka joto la magurudumu na kupotea. Yeye anaiona taa nyekundu toka mbali, anatoa mguu, anaiacha kamyo isukumwe na uzito wake mpaka taa inageuka, anapita bila kusimama.

Na mlima je? Wengine wote tulikuwa tunaacha mashine ya kushika mwendo ifanye kazi. Ukiiambia 80, itashika 80 hata mbele ya ukuta wa Alps, inamimina mazuti mpaka kileleni juu ya kulinda namba, halafu upande wa pili unaanza kufunga freni. Yeye anaizima mbele ya mlima. Anakubali kufika kileleni na 60, sababu anajua mteremko utamrudishia. Kuona hiyo kulinifurahisha kuliko somo lolote la fizikia nililopewa ubaoni.

Tulibishana sana juu ya kutoa vitesi kabisa wakati wa kuteremka. Kwa motere za kweli za leo jibu liko: ukiacha vitesi ndani na kutoa mguu, mazuti yanafungwa, magurudumu yenyewe njo yanazungusha motere. Ukitoa vitesi, motere inabidi ijilishe ili isizime. Kwenye tambarare mtu anaweza bado kubisha, sababu bila vitesi kamyo inateleza mbali zaidi. Lakini kwenye mteremko mrefu na tani ishirini mgongoni, anayetoa vitesi hatafuti kubana mazuti, anatafuta kaburi.

Hapo naupa mchezo sifa yake. Unafundisha jicho na mguu. Sasa niseme ubaya.

Kwanza, mchezo wenyewe haujali mazuti. Ukishanunua gereji mbili tatu na kuajiri mashofere, makuta yanaingia mpaka bei ya tanki haikuumi tena. Sisi njo tumebuni mashindano, mchezo umetuachia saa tu. Vibaya zaidi, ndani yake kuko orodha ya ujuzi: safari ndefu, mizigo ya hatari, mizigo ya kuvunjika, mizigo ya haraka, na mmoja wapo ni kuendesha kwa kubana mazuti. Ukipanda ngazi unapewa pointi, unaziweka pale, na kuanzia siku hiyo kamyo yako inakunywa kidogo hata kama mguu wako ni uleule mzito wa jana! Tulichukua wiki tatu kujua kwamba yule kijana wetu, pamoja na sanaa yake yote, alikuwa amejaza pointi pale. Ni kama kulinganisha mbegu mbili za mahindi wakati parseli moja umeipa mbolea kwa siri. Wenzangu wa agronomi munajua jina la majaribio ya namna hiyo. Tulianza wote upya, profili mpya, pointi sufuri. Akashinda tena, lakini kwa kidogo sana.

Pili, Ulaya ile imefinywa. Nje ya miji, ramani iko kwa kipimo cha 1 kwa 19. Mita mia unazopita mbele ya macho zinahesabiwa karibu kilomita mbili. Tuseme kamyo nzito inahitaji mita mia tano kutoka kusimama mpaka kufika 80: kwa hesabu ya ramani hiyo ni kilomita tisa na nusu. Kwa hiyo mtu anayekwenda kwa shofere wa kweli na kumwambia "mimi napata 28, wewe unapata ngapi" anachekesha. Namba ya mchezo inaweza kulinganishwa na namba ya mwenzako aliyepita njia ileile, basi.

Lakini hayo ni madogo. Kosa kubwa ni la namba yenyewe, na hapa simlaumu SCS peke yake, sababu namba ile tunaitumia wote. Lita kwa kilomita mia haiulizi ulibeba nini.

Jumamosi moja mmoja wetu alishinda na 24. Tulimpigia makofi. Mimi nilikuwa na 32, nikanunua soda. Baadaye nikauliza mizigo. Yeye tani 6, mimi tani 24. Chukueni kalamu. Yeye kwa kilomita mia amepeleka tani-kilomita 600 na lita 24: kila tani kwa kila kilomita imekula mililita 40. Mimi nimepeleka tani-kilomita 2.400 na lita 32: mililita 13 na kidogo. Aliyeshinda amekula mazuti mara tatu kwa kazi ileile. Sisi watu wa shamba hatukubali mtu aseme "nimevuna mifuko mia" bila kuuliza hektari ngapi. Kwa nini kwa kamyo tunakubali?

Zamani wengine waliliona. Kule Marekani kulikuwa na mashindano ya Mobilgas, magari ya kawaida toka Los Angeles mpaka Grand Canyon. Mwaka 1950 zawadi kubwa ilihesabiwa kwa maili za tani kwa galoni, si maili peke yake, na Mercury, gari ambayo si ndogo hata kidogo, njo ilishinda. Bila hesabu hiyo, mashindano yangekuwa kila mwaka ya nani ana gari nyepesi.

Sasa nifike kwa mtu niliyemukosea. Kuko kikundi cha walimaji, upande wa Kasenga, wanaoleta mahindi huku mjini. Munajua hapa kwetu unga mwingi wa bukari unatoka Zambia, kwa hiyo kila mufuko wa ndani unaofika ni ushindi. Wako na kamyo mbili, shofere mmoja kijana na mwingine Papa wa miaka. Waliniomba niwasaidie hesabu ya mazuti, sababu mimi njo "aliyesoma". Nilitengeneza karatasi nzuri: kilomita, lita, lita kwa kilomita mia. Kama kwenye dashibodi ya mchezo! Kijana alitoka na 26, Papa na 39. Mbele ya watu nilisema zawadi ya mwezi iende kwa kijana. Haikunitosha. Nikamuelezea Papa namna ya kutoa mguu mbele ya mlima, na kupandisha vitesi mapema. Mimi, ambaye sina hata permi ya kamyo.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Halafu akaniuliza polepole:

"Mutoto yangu, ile karatasi yako inajua nilibebaka mifuko ngapi?"

Haikujua. Nilirudi kwenye daftari la depo, nikahesabu kwa wote wawili, kwenda na kurudi. Papa alikuwa na wastani wa tani 10, sababu anaingia mpaka vijiji vya ndani kutafuta mahindi ya wamama ambao hawana hata baiskeli ya kuyatoa. Kijana alikuwa na tani 4. Anakaa kwenye barabara kubwa, anangoja walete, wakichelewa anarudi na kilichopo. Papa: mililita 39 kwa tani na kilomita. Kijana: 65. Ile zawadi ilikuwa ya Papa, na ilikuwa imekwisha kutolewa, na kijana alikuwa amekwisha kuilipia bati.

Simchukii yule kijana. Alifanya kile karatasi yangu ilimwambia afanye. Ningeiacha miezi sita, labda hata Papa angeacha kuingia vijijini, na mimi ningeandika ripoti kwamba mazuti yamepungua. Hiyo njo inanitisha: yangekuwa yamepungua kweli.

Mwezi uliofuata niliongeza safu ya tani na safu ya mililita, nikampelekea Papa wa kwanza. Aliishika karatasi mbali na macho, akaisoma yote.

"Hapa kidogo iko sawa," akasema. "Sasa weka na ya matope."

Kuko mchezo mwingine, SnowRunner, wa 2020, ambao unajua matope kuliko Euro Truck. Mule, ukifunga difaransieli na kuvuta na magurudumu yote, unaona tanki inashuka haraka, na kuna siku unatumia lita nyingi kusogea mita thelathini. Hakuna anayetangaza lita kwa kilomita mia ndani ya SnowRunner, angechekwa. Mule unaulizwa kama mzigo umefika. Nilipomuonyesha Papa kwenye laptop, alicheka mpaka akashika tumbo. Akasema hiyo njo barabara yake mwezi wa pili, paka baridi tu inazidi.

Lakini safu ya matope sijapata namna ya kuiandika. Nimejaribu kutenga safari za mvua na za kiangazi, lakini mvua hainyeshi sawa kwa vijiji vyote. Nimejaribu kuhesabu saa za motere badala ya kilomita, ila mita ya saa kwenye kamyo ya Papa ilikufa zamani. Mwenye wazo aniandikie, hasa nyinyi wa polytechnique mnaopenda kutucheka sisi wa majembe.

Kwa Jumamosi, tumebadilisha sheria. Rotterdam mpaka Berlin imefutwa, ni tambarare mno. Tunapita Lyon mpaka Torino, kila mtu tani 22, profili mpya, na tunahesabu mililita kwa tani-kilomita. Atakayechelewa muda wa kupeleka mzigo anatolewa, sababu kuna mtu alianza kutembea na 45 kwenye barabara kubwa na kutuambia hiyo ni hekima. Kijana wa umeme anasema atashinda tu. Papa ameahidi kuja kuangalia, kama anarudi mapema toka Kasenga. Soda ni juu yangu.